Uliza bei ya wino kabla ya bei ya printa

Swali: Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo Malimbe, hapa Mwanza, jirani na chuo cha SAUT. Nilinunua printa mpya ya rangi mjini kwa shilingi 165,000, nikaona nimeokota dodo. Hazikupita wiki mbili wino uliokuja nayo ukaisha. Katriji nyeusi nimeuziwa 48,000 na ya rangi 52,000, na zote zimeshaisha tena. Naprinti nyeusi kwa 200, rangi kwa 500. Wateja ninao, ila kila nikienda kununua wino nakuta hela haitoshi, naongezea ya mfukoni. Sasa kuna wakala amekuja na mashine kubwa ya kopi: natoa kianzio 300,000, halafu tona (wino wake wa unga) na matengenezo ni kwake tu kwa miaka miwili. Namlipa shilingi 45 kwa kila kopi, na kima cha chini ni kopi 5,000 kwa mwezi. Anasema hiyo ndiyo itanitoa. Je, niingie? Na hii printa niifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufungua ofisi yako mwenyewe. Kabla ya kumfikia wakala tupige hesabu ya printa uliyonayo, maana hesabu hiyohiyo ndiyo utakayomjibia.

Tafuta idadi ya kurasa za katriji yako. Huandikwa kwenye boksi au kwenye tovuti ya kampuni. Kwa katriji za kawaida za printa za bei hiyo, mara nyingi utakuta kurasa 120 hivi kwa nyeusi na 100 hivi kwa rangi. Gawa 48,000 kwa 120, unapata shilingi 400 kwa ukurasa mmoja, wino peke yake. Karatasi, kwa rimu ya 13,000 yenye karatasi 500, ni shilingi 26 nyingine. Maana yake kila mwanafunzi anayekupa 200 na kuondoka na ukurasa wake, wewe umemchangia 226. Kwenye rangi, 52,000 kwa kurasa 100 ni 520 kwa ukurasa, kabla ya karatasi na kabla ya wino mweusi unaoingia kwenye ukurasa huohuo, na wewe unatoza 500. Ndiyo maana wateja wakiongezeka unazidi kuishiwa. Wengi wakifika hapo huanza kumshuku binti anayewasaidia dukani. Tafadhali usimshuku mtu, hela yako inaondoka na wino.

Tena hizo 120 ni kurasa za maabara. Hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kwa kurasa maalumu za majaribio zinazochapwa mfululizo. Ripoti ya fildi yenye nembo ya chuo juu, jedwali katikati na picha mbili chini inakunywa wino kuliko hizo. Na kila printa ya wino inapowaka, mara nyingi hutumia wino kidogo kusafisha kichwa chake cha kuchapia. Siku ambayo umeme umekatika na kurudi mara tatu, umelipia usafi huo mara tatu bila herufi hata moja kutoka.

Kuhusu ule wino wa mwanzo uliokwisha upesi, kampuni nyingi huweka kwenye boksi la mashine mpya katriji ya kuanzia iliyojazwa pungufu. HP LaserJet P1102, ambayo mafundi wengi tumeifungua na kuifunga, ilikuja na tona ya kurasa 700 hivi, wakati tona ya 85A unayoinunua dukani kwa ajili ya mashine hiyohiyo ni ya kurasa 1,600. Haukupoteza wino popote.

Sasa jiulize, inawezekanaje mashine yenye mota, skana, kioo na waya zake iuzwe 165,000, wakati vikasha viwili vya wino ni 100,000? Anayeuza hivyo hategemei faida kwenye mashine. Anategemea kwamba utarudi kwake mara kumi, mara ishirini. Siyo siri. Enrique Lores, akiwa Mkurugenzi Mkuu wa HP, alieleza wazi kwenye mahojiano ya Januari 2024 kwamba kila printa wanayouza wanaihesabu kuwa uwekezaji kwa mteja, na mteja asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya. Akasema pia kwamba lengo lao la muda mrefu ni kuprinti kuwe huduma ya kulipia kwa mwezi.

Mimi sina ugomvi na mtu kupanga bei zake hivyo. Mtu anayeprinti barua moja kwa wiki nyumbani, printa ya bei nafuu yenye wino ghali inaweza kumfaa kabisa, kwa sababu harudi dukani mara kumi. Kinachonisumbua ni kufuli. Bei ya wino ikiwa juu, kwa kawaida mwingine angejitokeza auze wa bei nafuu, na bei ingeshuka. Printa nyingi zimetengenezwa ili huyo mwingine asiweze kuingia.

Itoe katriji yako uitazame mgongoni. Utaona kibandiko chembamba chenye vidoti vya rangi ya shaba. Hapo ndipo umeme wa kuchapia unapopita, na hapohapo ndipo printa inapoitambua katriji ni ya nani. Kwenye aina nyingine za katriji kuna chipu kabisa, kadogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, kanachotoa jina la kampuni na kuhesabu wino. Printa isipolitambua jina, inagoma. Na inaweza kugoma leo ingawa jana ilikubali. Septemba 2016 watu wenye printa kadhaa za HP OfficeJet katika nchi mbalimbali walikuta mashine zao zinakataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zinafanya kazi vizuri. Hakuna kifaa kilichoharibika. Amri ya kuzikataa ilikuwa imo kwenye programu ya ndani ya mashine, ikisubiri tarehe. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi kampuni ikatoa programu ya kuondoa kizuizi hicho kwa waliotaka. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wanunuzi hawakuelezwa wazi kuhusu vizuizi hivyo kabla ya kutoa hela yao.

Kuna hatua nyingine mbele ya hiyo. HP ina huduma inaitwa Instant Ink, iliyoanza mwaka 2013, ambapo mteja analipia idadi fulani ya kurasa kwa mwezi na katriji anatumiwa kwa posta. Akisitisha malipo, katriji zile zinakataa kuchapa hata kama bado zina wino. Utaniuliza hilo linahusianaje na Malimbe. Linahusiana kwa njia ya zawadi na mtumba. Ndugu anarudi kutoka Ulaya na printa nzuri, au mtu anaiagiza kwa bei rahisi. Printa za HP ambazo jina lake linaishia na herufi ndogo e zimekuwa zikiuzwa pamoja na mpango unaoitwa HP+, na mashine ikishaingizwa kwenye mpango huo inataka wino halisi wa kampuni na intaneti muda wote, wala hakuna kurudi nyuma. Zaidi ya hapo kampuni hugawa dunia kwa kanda. Printa iliyouzwa Ulaya inaweza kutaka namba ya katriji ambayo kwenye maduka yetu haipo, na ile iliyopo, inayofanana nayo kwa umbo, ikaikataa. Nimeletewa printa za namna hiyo zikiwa mpya kabisa, mwenyewe akidhani ni mbovu. Ukipewa ya zawadi, shukuru, lakini tafuta katriji yake mjini kabla ya kuipangia kazi.

Watu hupenda kusimulia kwamba biashara ya namna hii ilianzishwa na Mmarekani King C. Gillette, eti alitoa vishikio vya wembe karibu na bure ili auze nyembe. Bei zake za wakati ule zinaonyesha kitu kingine, na kina faida kwako. Gillette alipata hataza yake (haki ya kisheria ya kutengeneza kifaa chake peke yake) mwaka 1904, akawa anauza kishikio kwa dola 5, hela nyingi sana kwa siku zile. Hataza zilipokwisha mwaka 1921 ndipo wengine walipopata nafasi ya kutengeneza vishikio na nyembe za umbo lilelile, na bei ya kishikio chake ikashuka. Profesa Randal Picker wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyezifuatilia bei hizo na kuziandika. Ukienda leo kwa kinyozi yeyote Buhongwa, wembe wa makali mawili wa kampuni yoyote unaingia kwenye kishikio chochote cha aina yake. Humsikii kinyozi akilalamikia bei ya wembe. Umbo lake ni la kila mtu, kwa hiyo anayepandisha bei anaachwa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hujauliza mashine ni shilingi ngapi, uliza kujaza kunanigharimu shilingi ngapi kwa ukurasa, na mbali na wewe unayeniuzia, nani mwingine hapa Mwanza anaweza kujaza? Muuzaji asiyeweza kujibu la pili, mshukuru uondoke.

Turudi kwenye printa yako. Usiitupe. Kwa maelezo yako, nyeusi moja na rangi moja, karibu nina hakika ni aina ambayo kichwa cha kuchapia kimo kwenye katriji yenyewe. Katriji hizo fundi anaweza kuzijaza kwa sindano. Kibandiko cha juu kinatolewa, nyeusi hujazwa kwa tundu moja na ya rangi kwa matatu, moja kwa kila rangi, wino unaingizwa taratibu mpaka sponji ya ndani ishibe, halafu katriji inaachwa itulie na kufutwa chini kwa karatasi laini. Jambo la kulinda ni hili: vichwa vya aina hiyo huchapa kwa kuuchemsha wino, na wino huohuo ndio unaokipoza kichwa. Ukilazimisha kuprinti ikiwa kavu, kichwa kinaungua na katriji hiyo haitajazwa tena. Ukianza kuona mistari myeupe ndani ya herufi, acha hapohapo, ipeleke ikajazwe. Hata ukiwa mwangalifu haitajazwa milele, kila mara ubora unapungua kidogo.

Baada ya kujazwa, mashine itaendelea kusema wino umekwisha. Inahesabu matone iliyotoa, haioni kilichomo. Kubali ujumbe, endelea. Kisha ingia kwenye mipangilio uzime masasisho ya moja kwa moja ya programu ya printa, kwa sababu ndiyo njia ambayo vizuizi vipya huingilia. Masasisho yana kazi nyingine ya kuziba mianya ya usalama, na kwa ofisi yenye mtandao mkubwa nisingeshauri hivyo. Kwa printa iliyofungwa kwenye kompyuta moja kwa waya wa USB, hatari ni ndogo.

Ukinunua wino wa kampuni nyingine, tofautisha mbadala na bandia. Mbadala una jina lake mwenyewe kwenye boksi na unasema unafaa kwa printa fulani, hiyo ni biashara halali. Bandia umevaa boksi la kampuni kubwa na kukuuzia maji ya rangi kwa bei ya halisi. Kuuza bidhaa bandia ni kosa hapa nchini, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayowafuatilia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Dai risiti ya EFD kila unaponunua wino, hata wa 15,000, maana bila risiti malalamiko yako hayana pa kuanzia. Nchini Marekani suala la mbadala lilifika hadi Mahakama ya Juu. Mei 2017, katika kesi ya Lexmark na kampuni ndogo iliyokuwa inajaza katriji zake upya, majaji waliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini ukiambiwa na muuzaji kwamba kujaza katriji ni wizi, ujue majaji wa nchi yenye kampuni hizo hawakuona hivyo.

Kwa kazi ya biashara ya kila siku, hata hivyo, sindano haitakutosha. Mashine yako inayofuata iwe ya matangi. Hizi zina historia ninayoipenda. Indonesia wafanyabiashara kama wewe walikuwa wanatoboa printa za kawaida na kuziunganisha kwa mipira na chupa za wino zilizowekwa pembeni, kwa sababu katriji zilikuwa zinawamaliza. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza hukohuko Indonesia printa yenye matangi yake kutoka kiwandani. Mashine ilipanda bei, wino ukashuka. Canon walifuata na mashine zao za G, Brother nao wanazo, na HP wenyewe wanazo. Yaani watu wa steshenari ndio waliobadilisha mchezo, kwa ubishi wao.

Piga hesabu tena. Chupa nyeusi ya Epson namba 103 ina mililita 65, na kampuni inaitaja kwa kurasa 4,500. Tuseme umeinunua 30,000. Ni kama shilingi 7 kwa ukurasa. Usiwaamini, kata nusu, bado ni kama 13. Tuseme mashine ni 600,000, yaani 435,000 zaidi ya uliyolipa mwanzo. Kila ukurasa mweusi unakuokolea kama shilingi 387 ukilinganisha na sasa, kwa hiyo kwenye kurasa 1,125 hivi tofauti yote imerudi. Kwa kurasa 40 kwa siku ni chini ya mwezi mmoja. Bei za dukani zinapanda na kushuka, weka utakazozikuta wewe, ila njia ya hesabu ni hiyo.

Matangi nayo yanataka kujuliwa tabia. Chupa za kwanza hazitafikisha kurasa zilizoandikwa, kwa sababu sehemu ya wino inabaki kwenye mipira. Kichwa cha kuchapia kimo ndani ya mashine, siyo kwenye chupa, kwa hiyo kikiziba matengenezo yake ni ghali. Chapa ukurasa mmoja wa rangi angalau kila wiki, hata vyuo vikiwa vimefungwa. Usizime kwa kuchomoa waya ukutani. Zima kwa kitufe chake, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe kisha izime vizuri hata kama unafunga duka. Kuna sponji chini inayokusanya wino wa usafi. Baada ya muda mashine itasema sponji imejaa na kukataa kazi, na mafundi wengi tutakuomba hela ya kuireseti, yaani kuirudisha hesabu yake sifuri. Lipa, lakini hakikisha sponji yenyewe imebadilishwa au kusafishwa, la sivyo wino utamwagikia mezani. Na ukiipeleka kwa fundi kwa bodaboda, ipakate ikiwa imesimama sawa. Ikilala ubavu, wino unatoka kwenye tangi na kuingia kusikotakiwa. Printa nzima kabisa zimekufa kati ya Malimbe na mjini kwa sababu hiyo tu.

Kama sehemu kubwa ya kazi zako ni maandishi meusi matupu, fikiria pia printa ya leza ya mtumba inayotumia tona isiyo na chipu. Mfano ni HP LaserJet 1020 na tona yake ya 12A ya kurasa 2,000. Ni mashine ya zamani, lakini tona yake fundi yeyote anaijaza unga. Kumbuka tu kwamba leza huvuta umeme mwingi inapopasha joto, inverter ndogo haitaiweza.

Hadi upate hela ya mashine nyingine, kazi kubwa za rangi mpelekee jirani mwenye printa ya matangi kwa bei ya jumla, nawe uchukue faida ndogo juu yake. Ni bora upate 50 kwa ukurasa bila jasho kuliko kuchangia 46 au zaidi kwa kila karatasi ya rangi inayotoka kwako.

Sasa wakala. Mkataba wa kulipia kwa kopi si utapeli. Maofisi makubwa yanafanya hivyo na wengine wanafaidika, maana mashine ikiharibika mzigo ni wa mwenye mashine. Lakini kwako tuuweke kwenye namba. Kopi 5,000 kwa shilingi 45 ni 225,000 kila mwezi. Ukitoza mteja 100, ukatoa 45 ya wakala na 26 ya karatasi, unabaki na 29. Mwezi wa kopi 5,000 unabaki na 145,000, kabla ya pango na umeme. Si mbaya. Sasa chukua mwezi ambao chuo kimefungwa na umetoa kopi 2,000. Umeingiza 200,000. Karatasi 52,000. Wakala bado anataka 225,000 yake. Uko chini kwa 77,000, na pango halijalipwa. Miezi ya namna hiyo kwa mtu wa Malimbe siyo bahati mbaya, iko kwenye kalenda ya chuo kila mwaka.

Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kwa uchungu. Zamani taa ya karabai ilikula mafuta kila usiku, na ilikuwa mzigo, lakini mafuta ya taa uliyanunua kwa yeyote na usiku usiovua hukununua. Siku hizi kuna vifaa vya sola vya mkopo ambavyo usipolipa vinajifunga vyenyewe mpaka uingize namba ya malipo. Dagaa wa taa huvuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na hakuna kinachoingia soko la Mwaloni kutoka kwa mvuvi huyo, lakini mkopo wa kila siku unaendelea kudai. Mwenye taa yake aliyoilipia yote analala na kusubiri giza. Mwenye ya mkopo anakopa kwingine ili taa isifungwe. Taa ni nzuri na inamwondolea gharama ya mafuta, ila ratiba ya malipo iliandikwa na mtu asiyeuliza dagaa wanavuliwaje. Wewe una nafasi ya kuuliza kabla hujasaini.

Kwa hiyo mwambie wakala kima cha chini kihesabiwe kwa mwaka, siyo kwa mwezi. Kopi 60,000 kwa mwaka ni zilezile 5,000 zake, lakini mwezi wa mitihani utaufidia mwezi wa likizo. Akikataa, mwombe kima kishuke miezi chuo kinapofungwa. Akikataa na hilo, ujue faida yake anaitegemea kwenye miezi usiyofanya kazi.

Mengine ya kutazama kwenye mkataba: drami (silinda inayoweka tona kwenye karatasi) na roli za kuvuta karatasi zikichakaa analipa nani? Mawakala wengine huandika "matengenezo" kisha drami wakaiita kipuri. Karatasi iliyokwama na kutoka imechafuka inahesabiwa? Mita ya mashine isomwe mkiwa wote wawili, na mtie saini. Mashine ikilala wiki ya mitihani, anakuja ndani ya saa ngapi, na asipokuja una haki ya kumwita fundi mwingine? Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote kwangu. Mkataba unaokukataza kumwita mtu mwingine hata pale ambapo yeye hajaja, unakuacha umesimama na foleni ya wanafunzi wenye ripoti za kukabidhi saa nane. Baada ya miaka miwili mashine ni ya nani? Na ukitaka kutoka baada ya miezi sita, unadaiwa nini, na kianzio chako cha 300,000 kinaenda wapi?

Tena angalia mashine yenyewe. Nyingi za hizi ni mtumba. Mwambie akuchapie ukurasa wa taarifa za mashine, unaoonyesha jumla ya kopi ilizotoa tangu itengenezwe. Mashine iliyokwisha kutoa laki kadhaa kwenye ofisi za watu bado inaweza kufanya kazi, lakini haistahili kianzio cha mashine iliyotumika kidogo. Akisita kukuchapia ukurasa huo, umeshapata jibu.

Kama ningekuwa mzazi wako, ile 300,000 ya kianzio ningeitoa kwenye mazungumzo na wakala na kuiweka kwenye printa ya matangi, uongezee iliyobaki mdogo mdogo. Ukishaona kwa miezi kadhaa unatoa kopi ngapi kweli, za muhula na za likizo, ndipo uzungumze habari ya mashine kubwa, ukiwa na namba zako mkononi. Weka daftari kuanzia leo: tarehe, nyeusi ngapi, rangi ngapi, kopi ngapi. Namba za daftari hilo ndizo zitakazokushushia bei kwa wakala yeyote, kuliko ombi lolote.

Na kama bado unaona mashine yake inakuvutia, nitumie jina lake kamili, lile lililoandikwa kwenye kibati cha nyuma, pamoja na picha ya mkataba wote, kurasa zote siyo wa kwanza tu. Nitakuambia tona yake inapatikana kwa nani mwingine hapa mjini na drami yake inauzwaje. Hadi hapo usitoe kianzio, hata akikuambia kuna mtu mwingine anaisubiri mashine hiyo.